Sheria ya mtu mmoja: nini kinamlinda aliyewekewa amri ya kuzuia uhalifu Uingereza

Mtu amemaliza kifungo chake Uingereza kwa kosa la kuuza dawa za kulevya. Anatoka gerezani akiwa na mabegi yake na karatasi za mahakama zenye orodha ya masharti. Simu moja tu, na namba yake polisi waijue. Fedha taslimu zisizidi kiasi kilichotajwa. Akifungua akaunti ya benki, akinunua gari, akihama nyumba au akitaka kusafiri nje ya nchi, atoe taarifa kwanza. Kuna majina kadhaa ya watu ambao haruhusiwi kuwasiliana nao, hata kwa kumtuma mtu. Wewe na mimi tunaweza kununua laini ya pili leo na gari kesho, na hakuna atakayetuuliza. Yeye akinunua laini tu bila kusema, ametenda kosa la jinai ambalo adhabu yake inaweza kufika miaka 5 jela.

Amri hiyo huitwa amri ya kuzuia uhalifu mkubwa. Iliundwa na Sheria ya Uhalifu Mkubwa ya mwaka 2007, ikaanza kutumika Aprili 2008 katika England, Wales na Ireland Kaskazini. Scotland ilijumuishwa na sheria nyingine ya mwaka 2015. Wazo lake linaeleweka kirahisi. Mkuu wa mtandao wa magendo anaendesha biashara kwa simu, magari, kampuni na akaunti za benki, vitu ambavyo kila kimoja peke yake ni halali kabisa. Ukisubiri mzigo ukamatwe ndipo umshtaki, umechelewa. Basi mbane kwenye vifaa vya kazi kabla kazi haijafanyika.

Tatizo ni kwamba kila amri ya namna hii ni sheria ndogo ya jinai iliyotungwa kwa ajili ya mtu mmoja. Bunge linapotunga kosa linatufunga sote, kwa hiyo wapo wengi wa kulalamika likipitiliza. Jaji anapoandika masharti kumi ya Bwana fulani, anayefungwa nayo ni Bwana fulani peke yake, na jirani zake huenda wakafurahi. Ndiyo maana kinga zilizomo kwenye sheria ya 2007 zinapaswa kusomwa kwa swali moja: mtunga sheria huyu wa mtu mmoja amewekewa mipaka gani?

Amri hupatikana kwa milango miwili. Wa kwanza ni Mahakama ya Crown, ile inayosikiliza kesi nzito za jinai: mtu akishatiwa hatiani kwa kosa kubwa, mwendesha mashtaka anaomba amri iambatane na adhabu. Amri nyingi zimepita hapo. Mlango wa pili ni Mahakama Kuu, na huko mtu anaweza kuwekewa amri bila kushtakiwa kwa kosa lolote. Mjadala wote mkali uko kwenye mlango huu wa pili, ingawa ndio unaotumika kwa nadra.

Jaji wa Mahakama Kuu anapaswa kuridhika na mambo mawili. Kwanza, kwamba mjibu maombi, yaani yule anayeombewa amri, amehusika katika uhalifu mkubwa. Pili, kwamba kuna sababu za msingi za kuamini kuwa amri itaulinda umma kwa kuzuia au kukwamisha kuhusika kwake tena. Makosa makubwa yameorodheshwa kwenye jedwali la sheria: biashara ya dawa za kulevya, biashara haramu ya binadamu, silaha, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha, rushwa, noti bandia, ulaghai, na mengine. Lakini jedwali halifungi. Jaji akiona kosa ambalo halimo lina uzito wa kutosha, anaweza kulichukulia kama limo. Hiyo ni nafasi kubwa kumwachia mtu mmoja.

Neno "kuhusika" nalo ni pana. Linamgusa aliyetenda kosa na aliyemsaidia mwingine kulitenda. Linamgusa pia yule ambaye mwenendo wake ulielekea kurahisisha kosa, liwe limetendeka au la. Chukua mfano wa kubuni wa mwenye kampuni ya kukodisha magari. Wateja wake watatu wanakuja kila wiki, wanalipa taslimu, wanarudisha gari likiwa limesafishwa ndani kwa dawa kali, naye haulizi kitu. Je, amerahisisha usafirishaji wa dawa? Katika kulijibu swali hilo, sheria inamwelekeza jaji aweke kando nia yake na hali ya akili yake wakati ule. Kutojua kwake hakumwokoi. Kinachoweza kumwokoa ni kuonyesha kwamba alichofanya kilikuwa cha busara katika mazingira yale, na mzigo wa kuonyesha hivyo uko mabegani mwake. Katika kesi ya jinai upande wa mashtaka ndio unaothibitisha kwamba ulijua. Hapa wewe ndiye unayejieleza kwa nini hukuuliza.

Halafu kuna kiwango cha uthibitisho, na hapa historia inasaidia. Kabla ya amri hizi, Uingereza ilikuwa na amri za tabia ya kuudhi jamii, zilizoletwa na sheria ya mwaka 1998 kuwabana hasa vijana wakorofi wa mitaani. Mwaka 2002, katika kesi iliyotoka Manchester, majaji wa House of Lords, iliyokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, walikubali kwamba mashauri ya amri hizo ni ya madai. Wakaongeza kwamba, kwa kuwa matokeo yake ni mazito, tuhuma zithibitishwe kwa kiwango cha kesi ya jinai, yaani mahakimu wawe na uhakika. Ilikuwa njia ya busara ya kusema: iite madai ukitaka, lakini usiwe mwepesi wa kuamini.

Miaka mitano baadaye Bunge lilipoandika sheria ya uhalifu mkubwa, lilihakikisha majaji hawarudii jambo hilo. Vifungu vya 35 na 36 vinasema wazi kwamba mashauri haya ni ya madai na kiwango cha uthibitisho ni kile cha madai, yaani mizani ikilalia upande mmoja inatosha. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: kijana aliyedaiwa kuvunja vioo vya kituo cha basi alikuwa na kinga kubwa zaidi ya uthibitisho kuliko mtu anayedaiwa kuendesha mtandao wa utakatishaji fedha. Waliotunga sheria wangejibu kwamba amri si adhabu, inatazama mbele. Hoja hiyo ina nguvu kiasi, lakini jambo la kwanza kati ya yale mawili ya jaji linatazama nyuma, linauliza huyu amefanya nini, na jibu lake humbandika mtu jina la mhalifu mkubwa bila hukumu ya jinai.

Kinga zenyewe zimeandikwa kuanzia kifungu cha 6 hadi cha 15, nazo hazina uzito sawa. Amri haiwezi kuwekwa kwa aliye chini ya miaka 18. Haiwezi kuombwa na ofisa yeyote tu wa polisi mwenye shauku. Kwa England na Wales, ombi lilikuwa lazima lipitie kwa wakuu wa mashtaka, yaani Mkurugenzi wa Mashtaka au mkuu wa ofisi inayoshughulikia ulaghai mkubwa, na sheria ya mwaka 2021 ikawaruhusu wakuu wa polisi kuomba wenyewe katika mambo ya ugaidi. Kumweka mwanasheria kati ya mpelelezi na jaji ni kinga ambayo watu huidharau kwa sababu haionekani mahakamani. Maombi mengi dhaifu hufia mezani kwa mwanasheria huyo.

Kifungu cha 9 kinamkumbuka asiyehusika. Ukimkataza mtu kuendesha kampuni, kuna mke, mbia, wafanyakazi na mwenye nyumba wanaoumia pamoja naye. Mtu ambaye amri inaelekea kumwathiri vibaya kwa kiasi kikubwa anaweza kuomba asikilizwe, na Mahakama Kuu ikiona hivyo ni lazima impe nafasi. Kwenye karatasi ni kinga nzuri. Ila inahitaji mtu huyo ajue mapema kwamba kuna shauri, na awe na uwezo wa kufika. Mpishi wa mgahawa unaokaribia kufungwa kwa amri ya mahakama si rahisi awe na wakili.

Kifungu cha 10 kinahusu taarifa. Amri haimfungi mtu mpaka awe amewakilishwa kwenye shauri, kwa kufika mwenyewe au kwa wakili, au awe amepelekewa notisi yenye masharti yote. Notisi inaweza kukabidhiwa mkononi au kutumwa kwa barua ya rejista kwenye anwani ya mwisho inayojulikana. Tena ofisa wa polisi anaweza kuingia kwa nguvu mahali anapoamini mtu huyo yupo ili tu amkabidhi. Kwa hiyo kinga ya mtu kujua masharti yake imekuja na ruhusa ya kuvunjiwa mlango.

Sehemu iliyofikiriwa vizuri zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya kujieleza. Amri inaweza kumtaka mtu ajibu maswali, atoe taarifa au nyaraka kwa polisi wakati wowote ndani ya muda wake. Mtu akilazimishwa kujibu huku akitishwa na jela, ile haki ya zamani ya kutojitia hatiani inabaki wapi? Sheria imejibu kwa vifungu viwili. Cha 11 kinasema amri haiwezi kumlazimisha mtu kujibu kwa mdomo. Atajibu kwa maandishi, maana yake anaweza kukaa na wakili, akapima neno kwa neno. Cha 15 kinasema alichokisema kwa kulazimishwa na amri hakitumiki dhidi yake kama ushahidi katika kesi ya jinai, isipokuwa kesi yenyewe ni ya kuvunja amri, au yeye mwenyewe amesema mahakamani jambo linalopingana nacho na upande wake ukaleta habari hiyo kwanza.

Soma tena hapo, maana kuna upenyo. Kinachozuiwa ni maneno yenyewe kuwekwa mbele ya mahakama. Kifungu hakisemi kwamba polisi wafumbe macho kwa kile maneno hayo yanachowaonyesha. Ukiandika kwamba una ghala mahali fulani, karatasi yako haitasomwa kwenye kesi yako, lakini hakuna mstari pale unaowazuia kwenda kutazama ghala.

Mipaka mingine ya taarifa ni migumu zaidi kuvukwa. Siri kati ya wakili na mteja haiguswi, ingawa wakili anaweza kutakiwa kutaja jina na anwani ya mteja wake. Nyaraka ambazo sheria ya polisi ya mwaka 1984 inazipa hadhi ya pekee, kama rekodi za afya za mtu na nyaraka za mwandishi wa habari zilizopokelewa kwa siri, haziwezi kudaiwa kwa njia hii. Siri za benki nazo zimelindwa, mpaka mhusika akubali au amri itaje wazi kwamba zinatakiwa. Na pale ambapo sheria nyingine imekataza taarifa fulani kutolewa, amri haiwezi kuigeuza.

Kuhusu muda, amri haiwezi kuzidi miaka 5. Lakini kifungu hichohicho cha 16 kinaruhusu amri mpya yenye masharti yaleyale, hata kabla ya ile ya kwanza kwisha. Ukomo upo kwa amri moja moja, haupo kwa mtu. Angalau kila mara serikali inalazimika kurudi mbele ya jaji na kuthibitisha upya. Ukitaka wewe kurudi, mambo ni tofauti: aliyewekewa amri hawezi kusikilizwa akiomba masharti yabadilishwe mpaka mahakama ione kuna mabadiliko ya hali yanayoigusa amri. Huwezi kwenda kusema tu kwamba masharti yalikuwa makali mno tangu mwanzo. Hilo ni la rufaa, nayo ina muda wake.

Mpaka hapa nimetaja kilichoandikwa na Bunge. Kinga niliyoiona kuwa na meno zaidi imetoka kwa majaji. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilisikiliza rufaa ya watu waliopatikana na hatia ya kutengeneza noti bandia na kuwekewa amri hizi. Mahakama ilieleza kwamba lazima kuwe na hatari halisi, yenye uzito, ya mtu kurudia makosa makubwa, na kwamba uwezekano mtupu hautoshi. Haitoshi pia kwamba amri ina faida fulani kwa umma, kwa kuwa faida hiyo lazima ilingane na namna uhuru wa mtu unavyominywa. Na amri haiwekwi kwa sababu mtu anastahili kukomolewa, maana adhabu ina mahali pake. Mahakama ikasisitiza pia kwamba masharti yawe bayana, yatekelezeke, na yasimamiwe bila kubahatisha. Mtu akiamka asubuhi ajue kabisa kipi kitamrudisha jela.

Uzito wa sharti hilo la mwisho unaonekana vizuri ukivuka bahari hadi Italia, nchi iliyoishi na amri za kuzuia kwa muda mrefu kwa sababu ya mafia. Katika miaka ya 1970 mtuhumiwa wa mafia alipelekwa kuishi kwenye kisiwa cha Asinara, akabanwa kwenye eneo la kilomita za mraba zisizofika tatu kwa takriban miezi 16, bila kuruhusiwa kutoka usiku na bila kupiga simu kabla ya kutoa taarifa. Serikali ilisema hicho ni kizuizi cha makazi tu. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliamua mwaka 1980 kwamba, ukijumlisha yote, mtu huyo alikuwa amenyang'anywa uhuru, na nchi imevunja Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu. Funzo la kisheria ni kwamba hesabu hufanywa kwa jumla. Sharti moja moja linaweza kupita, lakini mrundikano wake ukawa jela isiyo na kuta.

Kesi ya pili inauma zaidi. Mwaka 2008 mahakama ya Bari ilimweka mwanamume chini ya uangalizi maalumu kwa miaka 2. Miongoni mwa masharti, aliambiwa aishi maisha ya uaminifu, afuate sheria, na asitoe sababu ya kushukiwa. Utetezi wake ulieleza kwamba kosa mojawapo alilobebeshwa lilikuwa la mtu mwingine mwenye jina kama lake, aliyezaliwa mwaka tofauti. Mahakama ya rufani ya Bari ilipaswa kuamua ndani ya siku 30, ikachukua zaidi ya miezi sita, kisha ikaifuta amri. Alikuwa ameshakaa chini yake siku 221. Februari 2017 mahakama ya Ulaya, ikiwa imekaa kwa jopo lake kubwa, iliilaumu sheria ya Italia yenyewe: ilikuwa na maneno ya jumla mno kiasi kwamba mtu hangeweza kujua nani atawekewa amri na afanye nini ili asiivunje. "Asitoe sababu ya kushukiwa" ni sharti ambalo hata mimi ningelivunja nikichelewa kurudi nyumbani.

Msomaji wa Afrika Mashariki hapaswi kudhani mambo haya ni ya Wazungu. England ina sheria ya mwaka 1361 inayompa hakimu uwezo wa kumtaka mtu ajifunge kudumisha amani, na wazo hilo lilisafiri na ukoloni. Limo mpaka leo katika sheria za mwenendo wa mashauri ya jinai za Tanzania na Kenya: mtu ambaye hajatiwa hatiani kwa lolote anaweza kutakiwa aweke dhamana ya kudumisha amani au ya kuwa na tabia njema. Upande mwingine wa urithi wetu ni sheria ya Tanganyika ya mwaka 1962 ya kuwaweka watu kizuizini, ambayo saini ya Rais ilitosha. Ukiziweka pamoja, unaona kwa nini suala la nani anatia saini linakuja kabla ya masharti yoyote. Amri ya jaji inaweza kuwa kali, lakini huyo jaji amelazimika kusikia upande wa pili na kuandika sababu, na sababu zilizoandikwa zinaweza kupingwa.

Ndiyo maana mabadiliko ya mwisho wa mwaka 2025 yanafaa kutazamwa kwa makini. Sheria mpya ya Uingereza ya ulinzi wa mipaka na uhamiaji, iliyosukumwa hasa na vita dhidi ya wanaovusha watu kwa boti ndogo, imegusa pia amri hizi. Imeongeza taasisi zinazoweza kuomba zenyewe Mahakama Kuu, polisi wakiwemo, na hivyo yule mwanasheria wa katikati anaweza kurukwa. Imeleta amri za muda, zinazoweza kuwekwa kabla shauri lenyewe halijasikilizwa hadi mwisho. Na imeiruhusu Mahakama ya Crown kuweka amri hata pale mshtakiwa anapoachiwa huru.

Hili la mwisho ndilo wanasheria wa utetezi watakalolipigania. Baraza la raia wa kawaida wanaoamua hatia limesikiliza ushahidi wote na kusema hana hatia. Jaji yuleyule, kwa ushahidi uleule, anaweza kuona kwamba kwa mizani ya madai alihusika, akamwekea masharti ya miaka 5. Kimantiki hakuna mgongano, maana viwango viwili tofauti vinaweza kutoa majibu mawili tofauti. Lakini mtu huyo atatoka mahakamani siku hiyo akiwa huru na akiwa na orodha ya masharti mkononi, na kinga zitakazobaki kwake ni zile za 2010: hatari iwe halisi, sharti lilingane nayo, na kila mstari uandikwe kwa namna ambayo anaweza kuutii.